Jina la tovuti hupimwa Mkunguni

Wengi wanaokuja kwangu kutaka tovuti huwa wana kila kitu mkononi: nembo, rangi, picha za jahazi jua likizama nyuma ya tanga. Jina ndilo hawajalifikiria. "Weka lolote," huniambia, "bora liwe na Lamu ndani." Siweki lolote. Nawatuma kwanza wakakae Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome ya Lamu, wazungumze na wazee waliokaa pale kivulini, kisha warudi.

Kazi yangu hasa ni saiba: fotokopi, kuchapa barua, kujaza fomu za serikali kwenye eCitizen, kulipia watu hiki na kile. Tovuti zilikuja baadaye, manahodha na wenye nyumba za wageni walipoanza kuniuliza vipi wenzao wapate wageni moja kwa moja kutoka Ulaya ilhali wao wanangojea mawakala. Kutengeneza kurasa nilijifunza upesi. Kilichonichukua muda kukielewa ni jina, kwa sababu jina linaonekana ni kitu chepesi, neno moja na nukta.

Mji wetu huendeshwa kwa mdomo. Mgeni anateremka gatini, anasikia jina la nyumba kwa mbeba mizigo. Mteja wa Mombasa analisikia kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, nyuma punda wanalia. Mtu anamwambia shemeji yake aliye Dubai kwa simu inayokatikakatika. Kwa hiyo jina la tovuti hupita masikioni kabla ya kufika kwenye kioo cha simu, na pale masikioni ndipo mengi hufia. Kipimo changu ni hiki: mwambie mtu jina mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, usimtajie herufi, kisha mwombe aliandike kwenye simu yake mwenyewe. Akiandika kitu kingine, jina halifai, hata likiwa limependeza vipi kwenye karatasi.

Walionifanya nikishike kipimo hiki ni akina mama wa mtaa wa Langoni wanaoshona kofia za vito. Asiyezijua azitazame kwa karibu siku moja: kitambaa cheupe, vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa sindano mpaka kikakaza, vikipangwa vikatoa maua. Kofia nzuri huweza kula miezi ya mshonaji, na bei yake hufuata. Wakati wa Maulidi mji unapojaa wageni, kofia huuzika. Baada ya hapo mama anakaa na kazi yake kabatini akingoja. Ndiyo wakaja kwangu wakitaka duka la mtandaoni.

Jina la kwanza walilolileta lilikuwa sentensi nzima: kofiazavitozalamu. Kanuni za mtandao zinaruhusu hadi herufi 63 kati ya nukta na nukta, kwa hiyo hili lenye 17 lilikuwa ndani ya sheria kabisa. Ila hakuna aliyelimaliza bila kuruka "za" moja. La pili lilikuwa kofiaamu, kwa vile sisi wenyewe mji tunauita Amu. Hapo kukawa na "a" mbili zinazofuatana, moja ya kofia na moja ya Amu, na kinywani zinakuwa moja. Nusu ya watu waliandika kofiamu. Kiswahili kina hatari hii kila mahali kwa sababu maneno yetu huishia kwa irabu, na mengi huanza kwa irabu pia. Ukiyaunganisha, mpaka unapotea.

La tatu kila mtu alilipenda: dukalamu. Fupi, halijachukuliwa na mtu, na lina Lamu ndani. Kwa sikio lilipita vizuri. Wazee wote waliliandika sawasawa. Nilikuwa karibu kulipia, lakini binti mmoja wa kikundi alikuwa ameliandika kwenye kipande cha karatasi ili asilisahau, na mwalimu wa madrasa aliyekuwa akipita akakichukua akasoma. Akatazama juu ya miwani.

"Kalamu hizo ni za wino au za risasi?"

Hatukumwelewa. Akatusomea polepole kwa kidole: du, kalamu. Basi tangu hapo hakuna aliyeweza kuliona tena kama "duka Lamu". Ukishaiona kalamu haitoki. Binti akasema tutaandika L kubwa katikati, na kwenye bango ni kweli ingesaidia, lakini mtandao hautofautishi herufi kubwa na ndogo, na mtu akikuta jina kwenye ujumbe wa simu atalikuta lote kwa herufi ndogo. Kwa hiyo vipimo vikawa viwili: mmoja asikie aandike, mwingine asome bila kuambiwa. Wa pili asiwe mtu aliyekuwapo kwenye kile cha kwanza.

Hapo tena yakazuka mabishano ambayo mimi niliyafurahia zaidi kuliko yote. Je, neno kofia liwemo? Upande mmoja ulisema mtu anayetafuta kofia Google ataandika kofia, kwa hiyo jina lililobeba kofia litatangulia. Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Mwaka 2012 Google walibadilisha hesabu zao ili tovuti dhaifu zisipande juu kwa sababu tu jina lake ni sawa na maneno yaliyotafutwa. Siku hizi kilichomo ndani ya tovuti kina uzito kuliko neno lililo mlangoni. Bibi mweka hazina hakujali Google. Yeye aliuliza swali moja: "Na siku tukidarizi kanzu?" Likaisha. Wakachukua neno vito na neno jingine fupi, silabi nne jumla. Sitalitaja, hii si tangazo.

Nyumba za wageni zina shida yao tofauti, na kubwa ni tahajia. Kijiji cha Shela utakikuta kimeandikwa Shela kwa "l" moja na Shella kwa "l" mbili, kwenye ramani, vibao na vitabu vya watalii. Mwenye nyumba mmoja pale alikuwa na jina lenye "l" moja na hakuona haja ya lingine, mpaka mgeni mmoja alipomwambia kwamba barua pepe yake ya kwanza ilirudi. Alikuwa ameandika "l" mbili. Nikamshauri anunue yote mawili na la pili lielekezwe kwenye la kwanza, mtu akiandika lolote afike pale pale. Kwa nyumba inayopokea amana ya wageni kutoka ng'ambo kuna sababu nyingine: tapeli hupenda sana jina linalofanana na lako kwa tofauti ya herufi moja. Akilinunua yeye, atamwandikia mgeni wako barua inayofanana na yako na kumpa namba ya akaunti yake.

Lakini kununua tahajia mbili si kununua mkia wa kila namna. Wauzaji wa majina wanajua kutisha. Ukimaliza kulipia moja wanakuonyesha .net, .info, .shop na nyingine tele, kila moja na bei ya mwaka wa kwanza iliyokatwa. Tazama bei ya mwaka wa pili, iko chini kwa maandishi madogo. Mimi huwaambia watu wachague mikia kwa kutazama mteja alipo. Kama wanunuzi wako wako Kenya, .co.ke inatosha, watu wameizoea na yeyote anaweza kuisajili bila kuleta cheti cha kampuni. Ile .go.ke ni ya serikali na .ac.ke ni ya vyuo, huko usiguse. Kama wageni wako wako Ulaya au Marekani, mkono wao huandika .com wenyewe. Mkia huo upo tangu 1985, na ndiyo maana majina mafupi mazuri yenye .com karibu yote yana mwenyewe.

Tangu 2017 kuna .ke tupu, bila "co". Ni fupi na inapendeza, na vijana wanaipenda. Niliipeleka Mkunguni. Ukisema "nukta ke", wazee wanaandika .co.ke. Ukirudia, wanaandika .co.ke tena, wakiamini wewe ndiye uliyesahau. Ukiipenda hiyo, basi uwe tayari kulipia na ile nyingine.

Kistari nakikataa moja kwa moja. Kinaruhusiwa, mradi kisiwe mwanzo wala mwisho wa jina, lakini jaribu kukitaja kwa simu. Ukisema "kistari", wa kwanza anaweka kile cha chini, wa pili anaandika neno kistari lenyewe. Tarakimu nazo hivyo hivyo, mtu hajui kama "mbili" ni neno au ni 2.

Kuna alama moja ambayo sisi tunaihitaji na mtandao hauitaki kabisa: ile ya ng'. Majina tunayosajili sisi hukubali herufi za a hadi z, tarakimu na kistari, basi. Kijana mmoja alikuwa anatengeneza sabuni ya mafuta ya nazi, ameshachapisha na lebo: Ng'ara. Jina tamu kwa sabuni. Ukiondoa kile kialama juu, inabaki Ngara, na Ngara ni mtaa wa Nairobi. Ukilitafuta unaletewa nyumba za kupanga na nguo. Lebo akabaki nazo, kwenye tovuti akatumia jina la ukoo wake, na kwa maoni yangu lilimfaa zaidi kwa sababu mji mzima unawajua kwa nazi.

Majina ya mitaa pia yana mitego. Mkomani kwetu ni mtaa wa nyumba kongwe za mawe. Kwa mtu wa Mombasa, Mkomani iko Nyali. Mgeni anayebuku nyumba kwa jina hilo anaweza kuuliza ni dakika ngapi kutoka stesheni ya reli, ukaanza kumweleza habari za Mokowe, gati la upande wa bara, na boti.

Hayo ni ya kuchagua. Lililowahi kuleta ugomvi wa kweli ni la nani mwenye jina, na hili niliombwa kulitatua baada ya mambo kuharibika.

Nahodha mmoja, ami yangu kwa upande wa baba, alitengenezewa tovuti na kijana aliyepita hapa msimu mmoja. Tovuti nzuri, picha nzuri, wageni wakaanza kuja. Ami akafurahi, akamwita mchoraji akaandikiwa jina la tovuti juu ya tanga kwa rangi nyeusi, herufi za urefu wa mkono. Halafu akabadilisha namba ya simu. Akataka ile mpya iwekwe kwenye tovuti. Kijana hashiki simu. Wiki zikapita, wageni wanapiga namba iliyokufa, na tanga linatembea baharini likitangaza tovuti ambayo mwenyewe hawezi kuigusa.

Akaja saiba. Tukaitafuta kumbukumbu ya usajili, ile inayoonyesha jina limesajiliwa lini, kwa msajili gani, linaisha lini. Kwa majina mengi ya .com siku hizi habari za mwenyewe zimefichwa, hasa tangu sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika mwaka 2018, lakini tulipata jina la kampuni iliyouza. Ami akawapigia akiwa na hasira. Wakamjibu kwa adabu kwamba wanamtambua aliyeandikishwa, na aliyeandikishwa ni kijana.

"Jahazi ni yangu, tanga ni langu, hela nilitoa mimi," ami akaniambia. "Jina limekuwaje lake?"

Nikamweleza, na hakupenda. Jina la tovuti halinunuliwi likawa lako milele, hukodiwa kwa mwaka au miaka, na mkodishaji anamjua yule tu ambaye jina lake, barua pepe yake na simu yake zimo kwenye akaunti. Nani alitoa hela hakumo. Kijana yule, nadhani, hata hakukusudia ubaya. Alijaza barua pepe yake kwa sababu ami hakuwa nayo.

Haikumalizwa na kampuni wala polisi. Ilipatikana kwamba mjomba wa kijana anaswali msikiti mmoja na rafiki wa ami. Wakakaa baada ya alasiri, kahawa ikanywewa, simu ikapigwa mjomba akiwa ameishika yeye, na kijana safari hii akaipokea. Akatoa ile nambari ya siri ya kuhamishia jina. Bahati jina lilikuwa limekwisha kukaa muda, kwa maana .com mpya haihamishwi kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za kwanza. Ami akafunguliwa barua pepe yake siku hiyo hiyo, akaandika nenosiri nyuma ya kitabu cha tarehe za bamvua na maji mafu, ambacho hakiachi.

Kutokana na hilo, mtu akiniletea kazi sasa namkalisha mwenyewe kwenye kiti, ajaze kwa mkono wake. Na barua pepe anayojaza isiwe ya tovuti ile ile. Hili watu hulisahau. Jina likiisha muda, barua pepe inayotegemea jina hilo nayo inakufa, kwa hiyo onyo la kwamba jina limeisha linatumwa mahali ambapo hakuna anayeweza kulisoma.

Wengine huniuliza kwa nini wasumbuke, Facebook ni bure na WhatsApp kila mtu anayo. Siwapingi sana, biashara nyingi hapa zinaishi kwa WhatsApp. Nawakumbusha tu jioni ya 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipozimika pamoja dunia nzima kwa karibu saa sita. Wenye nyumba waliokuwa na wageni wa kupokea asubuhi walikuwa wanatembea gatini wakiuliza nani ana namba ya kawaida. Ukurasa wa mtandao wa kijamii uko chini ya jina la mwingine. Jina lako mwenyewe unaweza kulihamisha kutoka kampuni moja kwenda nyingine na mteja asijue.

Na kwa wenye mawazo makubwa, kabla ya kuchapisha mabango pitia eCitizen utazame kama jina la biashara limeshasajiliwa, na KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili alama za biashara, kama ni alama ya mtu. Kuwa na tovuti hakukupi haki ya alama. Alama ya biashara husajiliwa KIPI, hudumu miaka 10 na inahuishwa.

Sasa kulipia kila mwaka. Ulaya kadi ya benki hukatwa yenyewe. Hapa tunalipa kwa M-Pesa, na kwa namna tunavyolipa sisi pesa haitoki mpaka wewe uitoe, kwa hiyo mtu lazima akumbuke. Ukipitisha tarehe, tovuti inazimika. Kwa .com kuna kipindi cha kuikomboa cha siku 30, kwa bei ya kuumiza, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, halafu ni ya yeyote atakayewahi.

Akina mama wa kofia nilitaka kuwawekea kikumbusho kwenye simu ya katibu. Bibi mweka hazina akakataa, simu hupotea. Akasema watalipa kila Mfungo Sita, kwa kuwa ndipo Maulidi yalipo na ndipo kikundi kina pesa. Nikamwambia, Bi, mtandao unahesabu mwaka wa kizungu, miezi yetu inahama. Akanitazama.

"Inahama kwenda mbele au kurudi nyuma?"

Inarudi nyuma. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku kama 354, kwa hiyo Mfungo Sita hufika siku 11 hivi kabla ya ule uliopita kwa kalenda ya ukutani. Walisajili siku ya pili baada ya Maulidi, na tangu hapo kila wakija kulipa wanakuwa wamewahi, kila mwaka wanazidi kuwahi. Hawapotezi kitu, maana ukilipa mapema mwaka huongezwa juu ya tarehe ya kuisha iliyopo. Nilikaa nikapiga hesabu nikaona kwamba baada ya miaka 33 watakuwa wamelipia mwaka mzima wa ziada. Nilipomwambia, alisema basi mwaka huo wajukuu wasilipe.